Nilivyokataa mursik kwenye koito ya ndugu yangu kwa sababu ya kibofu

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Mvua imenyesha, nimefunga duka mapema. Mimi humu ni wa kusoma na kupita tu, lakini leo nimeamua kuandika, na sitatia chumvi, maana hata bila chumvi inaaibisha vya kutosha.

Nina duka la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, huku Kimumu. Miaka michache iliyopita niliamka miguu ikiwa na ganzi, nikadhani nimeilalia vibaya. Kufikia jioni nilikuwa siwezi kusimama.

Baada ya MRI daktari akasema ni transverse myelitis. Yaani uti wa mgongo umevimba kwa ndani, na ujumbe kutoka kichwani haufiki chini vizuri.

Nilitibiwa, nikafanya physio, nikarudi kutembea na fimbo. Watu wakasema nimepona. Mimi pia nilisema hivyo, kwa sababu kueleza kunachosha.

Ukweli ni kwamba mengine yalibaki. Kifuani nahisi kama nimefungwa mshipi na hakuna wa kuulegeza. Mguu wa kushoto haujui moto wala baridi, kwa hivyo maji ya kuoga nayapima na kiwiko kama ya mtoto mchanga.

Siku moja nilitoka zizini nikaingia nyumbani, mke wangu akaniuliza gumboot nyingine iko wapi. Ilikuwa imebaki kwenye tope na mimi sina habari.

Hayo huwa nayacheka. Ambalo sikulicheka ni kibofu. Kikitaka, kinataka sasa hivi, hakipigi hodi. Hilo nilimwambia mke wangu peke yake.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Ndugu yangu mdogo, Kibet, alipata msichana wa Ainabkoi anaitwa Chebet. Baba yetu alishafariki na mimi ndiye kifungua mimba, so kwenye koito, yale mazungumzo ya mahari, msemaji wetu ni mimi. Kijana mwenyewe pale hana neno, anakaa tu akingoja wakubwa waamue maisha yake.

Niliogopa sana. Mazungumzo yanachukua masaa, mmebanana kwenye sofa, na msemaji akiinuka-inuka inaonekana dharau. Nikatumia akili yangu: tangu asubuhi sikunywa kitu. Chai nilikataa, maji nilikataa. Niliona nimemaliza kazi.

Nilichosahau ni mursik.

Kwa wasioijua, ni maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa na mkaa wa mti maalum. Kwetu ukipewa siku kama hiyo unakunywa, ndio kusema mmepokeana. Kikombe kilipofika kwangu nilikipitisha kwa mjomba wetu aliyekaa kando yangu, bila kuonja.

Mama yake Chebet, ambaye ni Mkikuyu aliyeolewa huko (ndiyo maana tulikuwa tunaongea Kiswahili), aliweka kibuyu chini. Baba yake, Mzee Birgen, akaniangalia.

"Msemaji, maziwa yetu iko na shida?"

"Hapana, Mzee. Nimeshiba tu."

"Umeshiba, na chakula haijaletwa?"

Shangazi mmoja wa Chebet akasema kama ni hivyo, wageni warudi nyumbani wakajipange upya.

Nikamtazama Kibet kwenye kona. Alikuwa ameshika magoti, jasho linamtoka. Niliumia, wakuu. Aibu yangu ilikuwa inaenda kumnyima ndugu yangu bibi.

Nikashika fimbo, nikasimama.

"Mzee, Mama, mnisamehe. Niligonjeka uti wa mgongo. Watu wanadhani iliisha nilipoanza kutembea, lakini haikuisha. Nikikunywa kitu siwezi kujizuia, na choo iko mbali. Niliogopa kuaibisha watu wangu hapa ndani."

Hakuna aliyecheka. Mzee Birgen akaanza kutafuta kofia yake.

"Mimi ni prostate," akasema. "Tangu mfike niko hapa nangoja tu mmalize mazungumzo nitoke."

Hapo ndipo watu wakacheka, mpaka yule shangazi. Mama Chebet akasema tupumzike kidogo. Mzee akanishika mkono, tukateremka kwenye nyasi iliyoloa, yeye upande wa ule mguu usiosikia. Aliniambia nisimkimbize.

Tuliporudi, kiti changu kilikuwa kimehamishiwa mlangoni na kikombe kiko juu ya stuli. Nilikunywa yote. Kibet alioa.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani naficha ugonjwa, kumbe wenzangu walikuwa wanaona kiburi. Mtu asipojua unaumwa wapi, anajijazia mwenyewe. Na kama una hali kama yangu, usijinyime maji. Daktari wangu alinigombeza sana kwa hilo, alisema nakaribisha infection.

Sijapona, na huenda haya nikazeeka nayo. Lakini siku hizi tukienda Ainabkoi, viti viwili vya mlangoni havikaliwi. Mgeni akitaka kukaa hapo, Mama humwambia vina wenyewe.

Nawe mwenye kitu kisichoonekana, kwenu nani anajua? Andika hapo chini, nitasoma zote. Nikichelewa kujibu msijali, mnajua nimeenda wapi.