Nyasi Alizolaza Mama

Kwetu milimani Mbinga, mume hulaza nyasi shambani kwa miraba, kisha mke huchimba katikati na kuzifukia kwa udongo. Mashimo hayo ndiyo ngolo. Baba alipofariki, mama alifanya kazi zote mbili. Mimi, mwanawe wa pekee, nilikuwa mjini nikiwapimia kahawa wanunuzi binafsi waliomiminika baada ya serikali kuruhusu soko huria. Nilijiona mtu.

Siku niliyopanda mlimani kumsalimia, nilikuta mistari yake ya nyasi imepinda.

“Namshukuru Mungu, mwanangu. Nimetosheka,” alisema nilipomjulia hali.

Nikamfokea. “Unashukuru nini, mama, na mgongo wako ndio huo?”

Alicheka, akanimiminia togwa. “Hajawahi kuniacha peke yangu shambani.”

Nilijua ni nani aliyemwacha.

Alifariki kabla maharage hayajachipua. Msimu uliofuata wale wanunuzi hawakurudi, basi nikarudi mimi. Nililaza nyasi shambani kwake, zikanyooka kama uzi. Hapakuwa na wa kuzifukia. Nikashika jembe lake, nikamwomba Mungu wa mama na mimi pia asiniache peke yangu.