Nilipima Unga, Sasa Wanataka Kumpima Mtoto Wangu

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usipunguze. Nina miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne. Mimi ni Mluhya, nimeolewa Kinoo, na ninafanya kazi katika maabara moja Westlands.

Kazi yenyewe huchekesha watu. Tunapima DNA ya vyakula. Kuna unga wa mimea unaotiwa kwenye aiskrimu na yogati ili ziwe nzito, zivutike kidogo kama mboga ya mrenda. Ule wa mbegu za mti wa karobu ni ghali. Ule wa gwaru, mmea wa jamii ya kunde, ni wa bei rahisi. Ukiangalia kwa macho huwezi kuutofautisha, hata ukionja. DNA ndiyo husema unga ulitoka kwa mmea gani.

Mwezi uliopita kiwanda cha aiskrimu kilituletea unga wa muuzaji wao kwenye kichupa chenye nambari tu. Karatasi yake ilisema ni karobu tupu. Nilipima, nikarudia, nikarudia tena. Gwaru. Nikatia sahihi nikaenda kula lanchi. Sikujua muuzaji ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anayefungasha unga huo nyuma ya nyumba ya mama yao. Kiwanda kikamrudishia mzigo wote, pamoja na ripoti yenye sahihi yangu.

Jumapili tukaitwa kwa mama mkwe. Hata chai haikuwa imemiminwa. Shemeji akataka niandike barua kwamba sampuli zilichanganyika.

"Ni barua ya laini mbili tu, Mama Imani. Unga hauna baba wala mama, nani atalalamika?"

Nikamwambia siandiki, kwa sababu hazikuchanganyika. Na kama yeye pia aliuziwa uongo, amtafute aliyemuuzia, asinitafute mimi.

Mama mkwe alikuwa akichambua sukuma wiki, mtoto wangu ameketi miguuni pake akimsaidia. Hakuinua macho. "Sawa. Kama hiyo DNA yako haikosei, hata huyu apimwe. Tangu azaliwe sijaona sura yetu kwake."

Nilimgeukia mume wangu, nikangoja aseme neno moja tu la kunitetea.

"Lakini si ni kupimwa tu?" akasema. "Kama huna kitu unaficha, shida iko wapi?"

Ya mama mkwe ningeyameza. Ya mume wangu yananiumiza hadi leo. Huyu mtoto ni wake, hata vidole vya miguu vimepinda kama vyake.

Jioni shemeji akanitumia ujumbe: nikiandika barua, mambo ya mtoto yataisha. Kwa hivyo hata wao hawaamini wanachosema, wanataka tu niogope. Na mume wangu kila asubuhi ananiambia niandike, tuishi kwa amani.

Ndugu zangu, nimewaletea. Nimpeleke mtoto apimwe, niwabandikie majibu kwa geti, kisha nifungashe vyangu, kwa sababu sijui nitaishi vipi na mwanamume aliyetaka kipimo hicho? Ama nikatae, niwaache na maneno yao? Kuhusu mtoto na ndoa nishaurini, nitasoma kila mmoja wenu. Kuhusu barua msijisumbue. Ilikuwa gwaru.