Punguzo la sola lililotaka paneli ikae juu ya bati

Wakuu, salamu kutoka Rugenge, Uvira. Nitaandika niliyoyaona kwa macho. Niliyoambiwa, nitasema niliambiwa.

Mradi mmoja ulifika Sange, anakoishi dada yangu mkubwa. Ukichukua sola yao, wanakulipia nusu ya bei, nusu yako unailipa kidogo kidogo.

Sharti: paneli ifungwe kwa bolti juu ya paa, ajenti aje kupiga picha. Bila picha, unalipa bei nzima au unarudisha.

Dada ni mjane, alitaka kuchaji simu za watu wa sokoni. Bei nzima asingeiweza kamwe.

Sasa, mtaani kwake paneli hutandazwa uani asubuhi, jioni inaingia ndani pamoja na kuku. Niliambiwa jirani alifunga yake kwa bolti nne. Wezi waliondoka nayo pamoja na bati.

Siku ajenti alipokuja nilikuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha, paneli imeegemea kitanda.

"Mama, paneli iko wapi?"

"Iko mu chumba."

"Weye unaanikaka jua mu chumba?"

Majirani wakacheka. Dada hakucheka.

"Nikiiacha kule juu, weye utakuja kuilinda?"

"Mama, miye naandika kile naona. Fomu inauliza tu: iko juu, ao haiko juu."

Akampa wiki moja.

Nilimshauri dada tuifunge siku ya picha, kisha tuishushe. (Ndiyo, wakuu, nilishauri hivyo.) Akasema wanarudi kukagua bila taarifa.

"Na wakiiiba, ile nusu yangu nitaendelea kuilipa. Weye uko Uvira, utalala usingizi."



Wiki ilipoisha, ajenti alikuta paneli imefutwa vumbi, waya zimekunjwa, tayari kurudishwa. Akatoa karatasi. Niliisoma mimi: "Mnufaika amejitoa kwa hiari yake."

Nikauliza kama kuna mahali pa kuandika sababu. Akageuza karatasi pande zote mbili. Hakuna.

Dada akasaini.

Nilichojifunza: kabla ya kufurahia punguzo, uliza paneli ikiibwa hasara ni ya nani. Sisi tuliuliza bei tu.

Wa Bwegera na wengine wa tambarare ya Ruzizi, ninyi mlifanyaje? Andikeni hapa, nitamsomea Jumapili.

Yeye hawezi kuufuatilia uzi huu. Simu yake anailipia kuchaji sokoni, na haipeleki kila siku.