Wanafunzi Wanne na Gunia Langu la Udongo

Waliokuwepo uani kwangu Bariadi siku zile ni hawa: mimi mwenye nyumba, mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu wa kwanza, mwenye mimba ya miezi sita, na wanafunzi wanne wa udaktari kutoka Dar es Salaam, wapangaji wangu wa mwezi mmoja, ambao undugu wao na mimi ulianzia kwenye ugali. Mwanangu mwenyewe hakuwepo. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, naye alikuwa akiwapimia wenye kampuni huko Maswa. Majina ya wote ninayo, hata ya baba zao, lakini siyaandiki. Sasa ni watu wakubwa, hawatapenda kusikia walivyogombania ukoko.

Enzi hizo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Soko huria lilipokuja kila mtu akawa mfanyabiashara. Jirani yangu aliuza mitumba, mimi nikauza udongo wa kula, ule wanaoutafuna wajawazito, wengine huuita pemba. Ulikuja kwa gunia kutoka Mwanza.

Wale wanafunzi mwalimu wao aliwapa swali moja: wasome kila kilichoandikwa na wataalamu kuhusu wajawazito kula udongo, halafu wakubaliane kama unadhuru. Walikuja na boksi zima la karatasi. Asubuhi walizitandaza mkekani, kila fungu na jiwe lake upepo usizichukue: zinazosema unadhuru, zinazosema haudhuru, na zile ambazo utafiti wenyewe ulifanywa vibaya. Fungu la tatu ndilo lililonenepa.

"Sasa hizo mbovu mmezibeba za nini toka Dar?" nikawauliza.

"Mama, mpaka uisome ndiyo ujue ni mbovu," akanijibu mkuu wao, kijana mrefu wa kuinama mlangoni.

Walinunua kwangu udongo kidogo wa kuangalia. Ukawa unapungua kila siku.

"Sampuli inaliwa hapa!" mkuu akapiga kelele.

Binti mwenye miwani, mwanamke pekee kati yao, akajifuta mdomo. "Napima ladha."

Tulicheka sana siku hiyo. Mkwe wangu alitoka ndani kuja kucheka nasi, akashika ukuta akihema. Nikasema ni mimba hiyo. Udongo aliokula ulikuwa wangu. Kila jioni nilimpa kipande kikubwa kwa mkono wangu, maana nilimpenda.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa huu: udongo ndio unaopunguza damu, au damu ikipungua ndiyo hamu ya udongo inakuja? Siku mbili wanavutana. Mimi nachambua choroko zangu, nikashindwa kunyamaza.

"Ng'ombe akikosa chumvi analamba ukuta. Ukuta ndio uliomwibia chumvi?"

Wakatazamana. "Hiyo hoja," akasema mkuu.

"Hoja ndiyo, ushahidi siyo," akasema binti.

Nikachukia kidogo. Nikawaambia, huo mnaoutafuta kwenye karatasi mimi ninao kichwani. Wateja wangu nawajua wote kwa majina, nani alianza kula kabla ya mimba, nani baada. Wakasema haya, taja. Nikataja, mmoja akaandika kwenye daftari.

"Tunakusikiliza, mama," mkuu akasema, "lakini haya hayaingii kwenye ripoti. Ni kumbukumbu ya mtu mmoja."

Sikumjali, nikaendelea. Yule aliyeolewa hapa kutoka Malampaka, aliongezewa damu hospitali. Fundi cherehani, naye aliongezewa damu. Mke wa mwalimu kule Migato, huyo alichelewa, tulimzika. Wote watatu walinunua kwangu kila gulio. Nilikuwa sijawahi kuwaweka pamoja mpaka nilipowasikia mdomoni mwangu mwenyewe. Na jina la nne lilikuwa jikoni, linakoroga uji.

Nikaweka choroko chini.

"Mayu, kuna nini?" binti akauliza. Alishajifunza kuniita mama kwa Kisukuma.

"Mwangalie mkwe wangu."

Akamwita, akamvuta kope la chini, akamfungua viganja. Vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo.

"Twende hospitali, sasa hivi."

"Niache uji motoni?"

"Uji utatibiwa na daktari," akasema mmoja wa wabishi, akadaka mwiko.

Mkuu alimpakia kwenye baiskeli, akawa anaisukuma, mimi na binti tukikimbia pembeni. Wakampima: damu kidogo mno, na minyoo. Alilala siku nne, akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Kitandani pale nilimwomba msamaha.

"Mayu," akasema, "ungeninyima ningeiba."

Binti nikamuuliza waziwazi kama ni udongo wangu.

"Sijui, mayu. Huenda udongo ulimpunguzia damu, huenda upungufu ndio uliomtuma. Ninachojua, mjamzito anayekula udongo apimwe damu."

Hilo ndilo waliloandika mwishoni, baada ya kuvutana siku tatu nyingine. Walipoondoka ua ulinyamaza, mawe yao yakabaki yamejipanga. Sikuyaokota upesi.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye sauti. Mimi niliendelea kuuza, lakini mjamzito alinionyesha kwanza kadi ya kliniki, nione kama damu imepimwa. Sokoni wakanicheka.

"Mayu, siku hizi udongo nao una cheti?"

"Wangu unacho. Usio na cheti uko kwenye kichuguu, nenda kachimbe."

Wakanuna, wakaenda, wengi wakarudi na kadi.

Nimeandika wanawake watatu. Kwa fundi cherehani nasita: huenda aliongezewa damu kabla hajaanza kununua kwangu. Kama ni wewe, au ndugu yako, au ndiwe uliyeandika siku ile na daftari unalo, niambie nilipokosea. Nitafuta niandike upya.