Mshumaa wa Tatu wa Severina

Kigangoni kwetu huku Mitundu, mshumaa wa tatu wa Majilio, majuma yale ya kungoja Noeli, ule wa rangi ya waridi, huwashwa na nyumba ya katekista. Hiyo ndiyo Dominika ya furaha. Lakini katekista wetu, mzee Laurenti, yuko kitandani tangu Kwaresima, kiharusi kimempooza upande mmoja. Kazi ikabaki kwa mkewe, Severina.

Miezi tisa mama huyu amembeba mwanamume mzima kumpeleka bafuni, amemwogesha, amemlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha huyo shambani na jembe. Na sisi wanajumuiya? Tulikwenda kumpa pole, tukakaa kwenye viti, tukangoja chai. Naona haya kusema, lakini chai hiyo aliipika yeye na vikombe akaosha yeye.

Mwaka huu mvua ilichelewa, hakuna jani bichi ila minyaa ya uani. Basi taji la mishumaa akalisuka kwa minyaa, utomvu wake mkali ukamwingia jichoni. Jumapili ile alikuja na jicho jekundu, kanga ameivaa nje ndani. Mishumaa miwili ya zambarau ilikuwa inawaka. Akapewa kiberiti.

Desturi ni kuwasha na kusema, "Furahini, Bwana yu karibu." Severina alisimama na njiti inayowaka mpaka ikamuunguza kidole, akaitupa.

"Siwezi kusema hayo," alisema. "Nisameheni ndugu zangu, nimechoka. Nimechoka kabisa."

Mimi Febronia, mwenyekiti wa jumuiya, na mdomo wangu wote huu, niliacha maneno nikainuka. Nikachukua kiberiti, nikamkalisha kwenye benchi, nikawageukia wanaume. "Calist, Enock, nendeni mkamwogeshe mzee." Wakatoka bila ubishi, jambo geni kwa Calist.

Mshumaa tuliuacha hivyo hivyo. Severina alilala palepale, akapitwa na mahubiri, nyimbo na matangazo yote. Watu waliondoka, mimi nikabaki naye. Saa saba alizinduka kwa hofu.

"Laurenti hajaoga!"

"Ameoga, dada. Amekula, amelala."

Aliketi wima.

"Na kesho?"

"Kesho ni zamu ya Antipasi. Keshokutwa Joseph. Tumeshapanga."

Akajifuta lile jicho bovu kwa ncha ya kanga, akaninyooshea mkono.

"Nipe kiberiti."