Fundi wa Vioo Baada ya Mawe

Jumanne, 15 Julai 1969. Baridi, na manyunyu tangu alfajiri.

Fundi wa vioo huja mjini siku inayofuata ghasia, bila kuitwa. Hupima dirisha kwa ufito wenye alama za kisu, wala hapimi mara ya pili. Vidole vyake vina makovu meupe, na sauti yake haipandi hata akibishana. Siku hiyo alikuwa kwenye duka la nguo la Mohdhar, Mtaa wa Biashara, ambalo waandamanaji walikuwa wamelipiga mawe jana yake. Mohdhar alikwisha kufunga mizigo ya mkewe na watoto, awapeleke shambani kwa rafiki yake mpaka siasa zipoe.

"Shamba?" fundi aliuliza, puti ya kubandikia kioo mkononi. "Mzee, hawa wa hapa hawakujui. Wamevunja, wamekimbia, jioni wamelala. Kule anayekuja kuchoma nyumba ni jirani. Anajua unapolala, na mbwa wako habweki, amemzoea."

"Wewe unataka tu wanivunjie tena upate kazi!"

"Kioo nitakata, mzee. Nyumba ya majivu nitaipima wapi?"

Mohdhar alicheka, kisha akamwita mkewe, Waridi, afungue mizigo.

Kesho yake asubuhi fundi hakuonekana mjini, ingawa madirisha mengi yalikuwa bado hayana vioo. Alikuwa amepanda basi la kwanza kwenda kwao shambani, kumchukua mama yake aje akae naye mjini, Dagoretti Corner.