Mchicha wa Kuongeza Damu

Nyuma ya chumba chetu cha kupanga, Changamwe, palinuka asidi. Mafundi waliokuwa wakipasua betri kuukuu za malori, wakayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kuyauza, walikuwa wameshahama, lakini jua likiwaka sana harufu ile ilipanda ikakukwaruza koo. Mama hakujali. Aliona kiwanja kitupu, akaazima jembe, na kabla masika hayajaisha tulikuwa na matuta manne ya mchicha. Ulistawi mchicha ule, jamani! Majani yalikuwa mapana kama viganja vya baba, na ukipikwa kwa tui zito la nazi nilikuwa nalamba sahani bila haya.

Mdogo wangu Rukia, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa mgonjwa mgonjwa. Tumbo lilimsokota, uso ukapauka, na maneno machache aliyokuwa ameanza kuyasema yakaanza kumpotea. Mama akakata shauri kwamba mtoto amepungukiwa na damu, na kwetu dawa ya damu ni mchicha. Basi Rukia akawa anapakuliwa mara mbili ya sisi wengine. Alipozidi kudhoofika, Mama akazidi kumpakulia. Wala si kwamba Mama alikuwa mzembe. Kila jani aliliosha kwa maji matatu, ya mwisho ya chumvi.

Hatimaye Rukia alipimwa damu zahanati, ikakutwa na risasi. Bibi afya akaja nyumbani, akaona vipande vya betri vimetokeza kwenye matuta.

"Mchicha huu msiule tena, mama."

"Lakini naosha, dada. Wallahi naosha maji matatu!"

"Risasi haiko juu ya jani. Mzizi umeivuta kutoka udongoni, imo ndani."

Mama aling'oa matuta yote siku ile ile, peke yake, huku akilia. Nilimwonea huruma, ingawa sikuelewa mtu anawezaje kuulilia mchicha kiasi kile.

Siku hizi tunaishi Mjambere. Mboga nanunua, na nikiuliza zimelimwa wapi, muuzaji hunicheka: "Kwani dada, wataka kuziposa?" Rukia ni mwanamke mzima, mcheshi, lakini ukimtuma vitu viwili dukani hurudi na kimoja. Juzi nilimsihi Mama aache kujilaumu. Nilimwambia hakuna aliyetueleza, na kwamba alimpa mwanawe kilicho bora alichokuwa nacho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Alikuwa hautaki mchicha, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nikimbana pua ili ameze."